Barua ya wazi: Hesabuni taa kabla ya kutuletea maboya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Kwa wakuu wa Idara ya Uvuvi, Entebbe. Kwa makamanda wa doria za ziwani. Na kwa wenyeviti wa wilaya zote zinazogusa Ziwa Albert, kuanzia Ntoroko hadi Pakwach.

Waheshimiwa, salamu kutoka mwalo wa Wanseko, Buliisa, Uganda.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachopatania bei hapa mwaloni, Mgungu na Mualuri, Mnyoro na Mkongomani wa Mahagi, na kwa sababu nataka mabaria, wavuvi wa kuajiriwa wanaolala mashuani, waisome barua hii wenyewe, au wasomewe, bila mkalimani. Mimi ni mama mnunuzi wa muziri na ragoge, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Nina mashua pia, kwa hiyo mkisikia nalalamikia taa, jueni nalalamikia na zangu.

Ombi langu nalitanguliza nisije nikalipoteza njiani. Msiruhusu, msifadhili wala msigawe maboya ya kukusanyia samaki katika ziwa hili kabla hamjahesabu taa za kuvulia zilizomo tayari, mkazisajili, na mkaamua zinawaka wapi na zinapumzika lini.

Wazo la maboya linazunguka. Kijana akitoka kutembea Mombasa, au akiona video kwenye simu, anarudi na habari kwamba wavuvi wa baharini wana kitu kinachoita samaki chenyewe, mchana na usiku, bila betri. Wakubwa nao watalipenda, maana boya linapigwa picha vizuri na linakabidhiwa kwa utepe. Sisemi wazo ni baya. Nitaeleza mbele jinsi ninavyolitaka. Lakini naomba tulielewe kwanza, kwa sababu wanaolisifu hapa kwetu wanazungumza kana kwamba boya linazaa samaki.

Huko baharini kifaa chenyewe si cha ajabu. Chini kuna uzito wa zege au mifuko ya mchanga, halafu kamba, juu maboya, na chini ya maboya yananing'inizwa makuti, kamba zilizochanuliwa au nyavu kuukuu ili pawe na kivuli. Samaki wa maji ya juu hapendi utupu. Kigogo kikielea atakizunguka. Wataalamu bado wanabishana kwa nini: wengine wanasema anajificha, wengine anatafuta chakula, wengine wanasema ni kituo cha makundi yaliyotawanyika kukutania. Mvuvi hana haja na jibu. Anachotaka ni kujua kwamba kesho alfajiri samaki watakuwa palepale, asimalize petroli akizunguka. Karibu na pwani wanaanza kukaa vidagaa na vibua, halafu wakubwa wanaowala wanafuata. Wafilipino wanayaita payao, Waindonesia rumpon, na wavuvi wa Malta wamekuwa wakivua samaki waitwao lampuki chini ya vyelezo vya namna hiyo kwa karne nyingi. Serikali ya Mauritius ilianza kuyatega miaka ya 1980 ili wavuvi wadogo wapunguze kuvua ndani ya miamba iliyochoka, watoke nje kidogo.

Hilo la Mauritius lishikeni. Boya pale lilikuwa na kazi maalumu: kumhamisha mvuvi kutoka mahali palipozidiwa kwenda mahali penye nafasi. Ukiniambia boya letu linamtoa nani wapi na kumpeleka wapi, nitakusikiliza. Ukiniambia litaongeza samaki, nitakuuliza hao samaki walikuwa wapi jana.

Na tusijifanye wageni wa jambo hili. Uganda tunayo maboya ya bure, yaliyotengenezwa na Mungu: visiwa vya matete na magugu vinavyokatika ufukweni na kuelea. Wengi wenu mnavikumbuka kwa sababu ya Aprili 2020, kisiwa kimoja kilipoingia kwenye mitambo ya bwawa pale Jinja nchi nzima ikakaa gizani. Mvuvi anavijua kwa sababu nyingine. Kisiwa kikipita, samaki wako chini yake, na mwenye ndoano anakifuata.

Lakini kwa muziri na ragoge, na kwa mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, boya letu hasa ni taa.

Anayetaka kuelewa apande mashua usiku wa giza. Taa zinashushwa majini juu ya vyelezo vidogo, mbao zilizofungwa kwenye madumu matupu, betri imeviringishwa nailoni isilowe. Vyelezo vinafungwa kwa kamba moja, kimoja nyuma ya kingine, na mashua inakaa pembeni kimya. Zamani ilikuwa karabai, na mafuta ya taa yalikula nusu ya mapato. Siku hizi ni balbu nyeupe za sola, hazinuki, hazivumi, na mwanga wake unachoma macho. Kwanza wanakuja wadudu wa ziwani, wanaanguka juu ya maji mpaka unawafuta mdomoni. Chini yao vijidudu vya majini vinapanda kufuata mwanga, na muziri wanapanda kufuata vijidudu. Baria mzoefu hatazami taa. Anasikiliza. Samaki wakishakuwa wengi kuna mchakarisho fulani juu ya maji, mdogo sana, na akiusikia ndipo anaanza kuivuta kamba taratibu. Taa za nje zinazimwa moja baada ya nyingine mpaka kundi lote linabaki chini ya taa ya mwisho. Wavu unapitishwa chini. Ukiharakisha, ukagonga kasia kwenye ubao, wote wanazama.

Kazi nzuri hiyo, na ina ufundi. Sina ugomvi nayo, inanilisha mimi na wanangu. Lakini tazameni kilichotokea. Wale samaki hawakuzaliwa chini ya taa. Walikuwa wametawanyika, taa ikawaita. Kama mita mia kadhaa kutoka hapo kuna mashua nyingine yenye taa kali zaidi, sehemu ya kundi inakwenda huko. Kesho mwenye mashua ya kwanza anaongeza taa. Kesho kutwa jirani naye anaongeza. Ni vile vibanda viwili vya muziki siku ya gulio: huyu anapandisha sauti, yule anapandisha, mpaka hakuna anayesikia wimbo, na jenereta zote mbili zimekunywa mafuta.

Mwenye mashua akija kwangu kukopa, siku hizi hakopi wavu. Anakopa betri. Nami namkopesha, kwa sababu nisipomkopesha samaki wake watakwenda kwa mnunuzi aliyemkopesha. Betri ikifa anakopa nyingine, na deni linalipwa kwa samaki, kwa bei ninayoipanga mimi. Naieleza hali hii kama ilivyo ili mjue kwamba mbio za taa zina watu wanaofaidika nazo, nami nimo. Baria ndiye asiyemo. Yeye anagawiwa baada ya petroli, baada ya betri na baada ya mwenye mashua, na kila taa inayoongezwa inakata kwenye fungu lake kwanza.

Doria ikifika mwaloni inapima tundu la wavu na urefu wa mashua. Taa haiulizwi. Wanajeshi walipoingia ziwani mwaka 2017 kwa agizo la Rais, hoja ilikuwa kulinda samaki wachanga, na hoja hiyo ni ya haki. Lakini huwezi kusema unalinda wachanga huku mtu mmoja akiruhusiwa kuwasha mwanga anaotaka, popote anapotaka, alimradi wavu wake una tundu halali. Wavu unakamata kilicholetwa mbele yake. Taa ndiyo inayoleta.

Na inaleta kila mtu. Hapa ndipo nawaomba mkae kidogo nami.

Beseni la muziri likimwagwa kwenye turubai asubuhi, kazi ya kwanza ni kuchambua. Mashua iliyotoka katikati ya ziwa, kuchambua ni kazi ya dakika chache: muziri mtupu, ragoge kidogo. Mashua iliyowasha karibu, kwenye maji mafupi, nakaa mpaka mgongo unauma. Natoa mputa, yaani sangara, wa urefu wa kidole. Natoa ngege, yaani sato, ambao bado wanaonyesha matumbo kwenye ngozi. Natoa vitoto vya angara. Hao hawauziki. Mteja wa Arua hawataki, wateja wa Sudan Kusini hawawataki, kwa sababu wana unyevu mwingi, wanaoza kabla ya muziri kukauka na kuharibu gunia zima. Tunawatupia bata. Mputa yule yule, angeachwa akue, angekuwa samaki wa kubebwa begani na watu wawili. Mimi ninamtoa kwenye beseni kwa ncha za vidole.

Tofauti ya mabeseni hayo mawili haikuletwa na wavu; mara nyingi nyavu zinafanana. Imeletwa na mahali taa ilipowashwa.

Sasa angalieni ramani. Sisi wa Wanseko tuko pale Nile ya Victoria inapoingia ziwani. Matete ya mlangoni pale, kuanzia chini ya maporomoko ya Murchison hadi ziwani, yanatambuliwa kimataifa kama ardhioevu ya kuhifadhiwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2006. Watalii wanakuja kumtazama yule ndege korongo-nyangumi, na wana haki, ni ndege wa heshima. Lakini kazi kubwa ya matete yale ni uzazi: samaki wanaingia humo kutaga, na watoto wao wanajificha humo mpaka wapate nguvu. Usiku wa giza, ukisimama kwenye feri ya Panyimur, unaona taa zikiwaka karibu kabisa na mlango huo. Mtu akitega boya la kivuli pale, atakuwa amewatoa watoto kwenye matete na kuwapanga uwanjani.

Kwa hiyo kabla ya boya lolote, chora mstari. Taa isiwashwe ndani ya kina fulani cha maji, wala mbele ya midomo ya mito na mabwawa ya pembeni. Wataalamu wa utafiti wa uvuvi walioko Jinja wanajua kina hicho kinafaa kuwa kiasi gani kuliko mimi. Wapeni kazi hiyo na msiwaachie wanasiasa. Mstari wa kina una faida moja juu ya sheria nyingi mlizotuletea: baria anaweza kuupima mwenyewe kwa kamba yenye jiwe, gizani, bila kuonyeshwa karatasi.

Najua jibu litakalotoka Entebbe. Mtasema samaki wadogo wanazaliana haraka, wanastahimili kuvuliwa sana, na tena ni heri watu wavue muziri kuliko kumgombania mputa. Ni kweli. Nakubali yote. Samaki hawa wa kidole ndio zaidi ya nusu ya kinachotoka ziwani humu sasa. Wazee waliokula angara na mputa kila siku wanatucheka, lakini ndicho kilichobaki kwenye sahani ya maskini, na mtoto anayekula muziri mzima na mifupa yake anapata madini ambayo minofu ya mputa haina kwa kiasi hicho. Ila kuzaliana haraka si ruhusa ya kuacha kuhesabu. Na muziri, tofauti na mukene, yuko Ziwa Albert peke yake duniani. Mukene akipungua Katosi au Kiyindi, bado yuko upande wa Tanzania na Kenya wanakomwita dagaa na omena. Muziri akiisha hakuna ziwa la kwenda kuomba mbegu.

Sasa maboya, niseme ninayoyataka.

Nataka chelezo cha taa cha pamoja, kilichotiwa nanga kwenye maji marefu, mali ya kamati ya mwalo. Kiwe na sola yake juu, kiwe na rangi na namba inayosomeka kwa tochi, na mashua zivue hapo kwa zamu. Badala ya mashua kumi kubeba kila moja betri zake na kushindana, mashua kumi zinajua usiku huu ni zamu ya nani kwenye chelezo kipi. Petroli inapungua, kwa sababu hakuna kutafuta. Deni la betri linapungua, na nitakosa riba yangu hapo, sawa. Tena kuna usalama. Ziwa hili lina upepo wa ghafla unaoshuka kutoka milima ya Congo usiku, na kila mwaka tunazika vijana. Chelezo kinachojulikana mahali kilipo, chenye taa na nanga, ni mahali pa kushika na ni mahali pa kuanzia kumtafuta aliyepotea.

Ziwa letu linatusaidia kwa hilo. Sehemu yake ya kina kirefu kabisa haifiki mita 60. Baharini wanatega maboya kwenye kina cha mamia ya mita, pengine zaidi ya elfu, na gharama kubwa ni kamba, halafu mawimbi yanaikata boya lipotee. Kwetu kamba ni fupi. Gharama yetu kubwa itakuwa wizi, tusidanganyane. Sola itaibwa, betri itaibwa, na mwenye mashua nyingi atataka zamu za wenye mashua moja. Ndiyo maana nasema mali iwe ya kamati, na orodha ya zamu ibandikwe ukutani penye bei za petroli, kila mtu aione. Kama kamati ya mwalo fulani imelala, au imegeuka kuwa ofisi ya mtu mmoja, msiipe chelezo. Anzeni na mialo michache iliyo macho, mmoja wa Buliisa, mmoja wa Pakwach, mmoja wa Kikuube, mpime kwa mwaka mzima: beseni lina nini, petroli imetumika kiasi gani, watoto wa mputa wangapi. Mkiona ni hasara, vuteni nanga mrudi nacho nyumbani.

Na msininginize nyavu kuukuu chini yake. Huko baharini wamejifunza kwa uchungu kwamba wavu uliosahauliwa unaendelea kuua, kasa na papa wananaswa humo bila mvuvi yeyote kunufaika, na sasa wanahimizana kutumia kamba za mimea na vitu visivyonasa. Sisi tuna matete na kamba za katani. Nailoni tumeshajaza ya kutosha.

Kuna jambo jingine la baharini ambalo ndilo linanitia hofu zaidi ya yote. Ufilipino payao zilienea kwa kasi kuanzia miaka ya 1970, na zikawakusanya wachanga wa jodari waliokuwa wakihangaika juu ya maji, wakavuliwa kabla ya kuzaa. Kwenye Bahari ya Hindi meli kubwa za nje zinaachia maboya yanayoelea yenye vifaa vya setilaiti, yanayomwambia nahodha kiasi cha samaki walio chini yake. Februari 2023 nchi wanachama wa Tume ya Tuna ya Bahari ya Hindi zilikutana Mombasa, zikapiga kura kuyapunguza na kuyafunga kwa siku 72 kila mwaka. Kura ikapita. Kisha wanachama wakaanza kuandika barua za pingamizi, mmoja baada ya mwingine, mpaka uamuzi ukakosa meno. Watu walikuwa wameshaweka fedha nyingi kwenye maboya hayo; nani angekubali kuyatoa?

Ndivyo itakavyokuwa hapa. Leo mnaweza kuweka kikomo cha vyelezo kwa maneno tu, kwa sababu hakipo hata kimoja. Vikishakuwa mia mbili, vina wenyewe, vina madiwani wao, na uchaguzi uko mbele, hamtaviondoa. Tumeona Ziwa Victoria na hariapu, ile njia ya kuvulia mukene. Watu waliachwa wanunue nyavu, wakope, waajiri, kisha ikaja marufuku, halafu vilio, halafu ahadi za majukwaani. Mimi sitetei hariapu. Nasema mvuvi alipaswa kuambiwa kabla ya kukopa.

Kuhusu mapumziko, ninalo pendekezo rahisi sana mpaka naona aibu kuliandika. Mwezi ukijaa, taa inashindwa. Mwanga uko kila mahali, samaki hawana sababu ya kuja kwako, na tangu zamani mabaria walitumia siku hizo kushona nyavu na kwenda kwao. Ziwa lilikuwa likipumzika bila sheria. Balbu hizi kali zimeanza kuula muda huo: mwenye taa nyingi anatoka hata mwezi ukiwa mkubwa, anapata kidogo, lakini anapata, na jirani akimwona naye anatoka. Yafanyeni mapumziko hayo kuwa sheria. Usiku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, taa zote zikae nchi kavu, mwezi kwa mwezi, ziwa zima. Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano na majirani zake. Sijui mabaria wetu wangeishije miezi mitatu mfululizo. Lakini usiku wa mbalamwezi, ambao faida yake inaishia kwenye petroli, hakuna atakayekufa njaa kwa kuuacha, na hata doria itapata kazi nyepesi: taa yoyote inayoonekana usiku huo ni kosa, inaonekana kutoka ufukweni, huhitaji kumfukuza mtu kwa boti.

Bila Congo yote haya ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ziwa tunagawana, na muziri hana kitambulisho. Tukizima sisi, wakawasha Tchomia, Kasenyi na Mahagi, tumewapa tu nafasi. Serikali zetu mbili zimekuwa na mradi wa pamoja wa maziwa Edward na Albert. Mikutano ya aina hiyo imekuwa ya hotelini. Ukifanyika mmoja mwaloni, ukaita wenye mashua wa pande zote mbili, mtashangaa. Hawa watu tayari wanajuana, wanauziana injini, wameoana. Wanaweza kukubaliana usiku wa kuzima taa kabla mawaziri hawajamaliza chai.

Neno moja kuhusu fedha. Kama mnayo bajeti ya maboya, naomba ianzie ufukweni. Maji yalipopanda mwaka 2019 na 2020 yalikula mchanga tuliokuwa tukianika, na vibanda, na nyumba za watu. Tulichobaki nacho ni kipande cha ardhi chenye kinyesi cha mbuzi na magurudumu ya pikipiki. Muziri aliyeanikwa chini anabeba mchanga. Mwenye mgahawa hamtaki, anakwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku Kampala, kwa bei ya kuku. Aliyeanikwa kwenye kichanja cha nguzo na wavu, mita moja kutoka ardhini, anakauka kwa jua la siku moja zuri, ni msafi, na bei yake ni ya mtu. Msimu wa mvua tunatupa magunia. Samaki aliyeoza ufukweni ameshatoka ziwani, hatarudi, na baria atakwenda kumtafuta mwingine wa kufidia. Vichanja vyenye paa la nailoni kwa kila mwalo vitatupa samaki zaidi wa kula kuliko boya lolote, bila kuongeza taa hata moja. Haviwezi kukatiwa utepe kwa mbwembwe, najua.

Waheshimiwa, sitaki jibu la barua. Nataka mtume watu wenye daftari, wapite kila mwalo kuanzia Ntoroko, waandike mashua na idadi ya taa za kila mashua, na wamwandike mwenye taa, si baria aliyezibeba. Waanze mwezi ukiwa umejaa, mashua nyingi zikiwa nchi kavu, waweze kuhesabu bila kukimbizana na mtu. Halafu wabaki mpaka giza liingie, waende na mashua zetu. Wakija Wanseko mimi nitawapa pa kulala, na beseni la asubuhi watachambua wenyewe.

Mama mnunuzi wa muziri,
Mwalo wa Wanseko, Buliisa